Hondohondo wa Dirisha la Nyuma

Jumamosi, 27 Februari 1971

Daftari hili nililinunua mwaka juzi kwa vipimo vya wateja. Kurasa tatu za mwanzo zina viuno na mabega ya nusu ya wanawake wa Majengo hapa Nyeri, na sitasema cha nani kimeongezeka. Kuanzia ukurasa huu ni mambo yangu.

Mume wangu Yakubu alifariki Jumatatu. Alikuwa dereva wa lori la viazi. Alianguka kule Mweiga akingoja magunia yapakiwe, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa ameshaenda. Sasa nimekaa eda, miezi minne na siku kumi kwa mwezi wa kuandama, na nitatoka tarehe thelathini Juni. Nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kuvuka kizingiti, na mwanamume asiye ndugu wa karibu hanioni. Wifi yangu Mwanabibi, dada mkubwa wa Yakubu, amehamia hapa. Anasema amekuja kuniliwaza. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupigilia misumari dirisha la mbele.

Limebaki la nyuma, la chumba cha cherehani. Linatazama bonde la Chania, na kabla ya mto kuna mti mkubwa wa podo katika kiwanja cha Bwana Kahiga, mwenye duka la mabati na saruji. Juu kabisa, mahali tawi lilipovunjika zamani, kuna shimo. Leo asubuhi hondohondo wawili wametua hapo kwa kishindo cha mabawa, mmoja akaingia kichwa akatoka, akaingia tena. Yakubu aliwapenda sana ndege hawa. Alikuwa akisimama hapa hapa na kikombe cha chai na kunisimulia mambo yao, nami nikamwambia anizibulie mwanga, nashona.

Koti lake limeletwa kutoka hospitali. Mwanabibi amelitundika humu, nyuma ya mlango, kwenye kona ya giza. Sijaligusa.

Jumatatu, 1 Machi

Wageni wa rambirambi. Chai, chai, chai.

Alhamisi, 4 Machi

Sasa nimeelewa. Jike yuko ndani ya shimo. Dume anashuka ukingoni mwa mto, anameza udongo mpaka koo linavimba, anarudi na kuutapika mlangoni donge baada ya donge. Ni ndege mkubwa kuliko kuku yeyote, mweusi, na juu ya mdomo amebeba pembe nene ya rangi ya maziwa, utadhani amevaa kofia ya askari. Kila akija shimo linapungua. Anamfungia mkewe.

Nimemwita Mwanabibi. "Wifi, njoo uone wanaume walivyo, hata wa mbinguni."

Amekuja na kisu cha vitunguu mkononi, ametazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Angalau huyu hajatumia misumari." Nilimtazama nione kama anacheka. Hakucheka, amerudi jikoni.

Jumatatu, 8 Machi

Shimo limezibwa. Umebaki ufa mrefu mwembamba, unaopitisha ncha ya mdomo tu. Nimemchukia yule dume siku nzima.

Jumamosi, 13 Machi

Mvua za masika zimeanza. Bati linapiga kelele hata cherehani siisikii.

Jumamosi, 20 Machi

Leo nimemlilia Yakubu vizuri, si kama siku za wageni, nilipolia kwa sababu ilitakiwa.

Niandike habari ya mfuko. Kila jioni akirudi alikuwa na kitu kimoja katika mfuko wa kulia wa koti. Kimoja tu. Leo kitunguu kizuri kutoka Kangema, kesho peremende, kesho kutwa vifungo vinne vya bluu. Siku alizoenda Doldol kumwona binti yetu Mwanasiti, aliyeolewa na mfanyabiashara wa ng'ombe huko, aliniletea kipande cha ngozi, basi. Nilikuwa nikimwambia, "Baba Mwanasiti, mtu akienda sokoni ananunua vitu vyote siku moja." Yeye hucheka, na kunifanya niutie mkono mfukoni mwenyewe. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikimwona bahili kidogo, na ninaandika hivi kwa sababu ni kweli.

Asubuhi ile ya Jumatatu hatukuagana kwa uzuri. Kiberiti kilikuwa kimeisha, nilikwenda kuomba moto kwa jirani na kijinga, kipande cha kuni, mkononi kama wanawake wa kale, na aliposimama mlangoni nikamwambia, "Usisahau kiberiti, maana wewe unaleta peremende na moto hatuna." Akasema, "Nitaleta." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho duniani, kiberiti.

Mkono wangu hauwezi kuingia katika mfuko ule. Kama kiberiti kimo, nitakufa. Kama hakimo, pia. Nimejiwekea kwamba nitaangalia siku nitakayotoka eda.

Jumapili, 28 Machi

Nimekosea, na nimemkosea dume wa watu.

Mvua ya jana imebomoa kipande cha ukuta wa shimo, pande la ukubwa wa kiganja. Asubuhi dume amekuja na udongo kama kawaida. Lakini kwa kuwa sasa uwazi ni mkubwa nimeona ndani vizuri. Yeye haukandiki ukuta. Anampa jike lile donge mdomoni kwa mdomo, basi, anangoja. Jike ndiye anayepiga lipu, kwa ubavu wa mdomo, tap tap tap tap, huku akiongeza na kinyesi chake ili ushike. Dume alipochelewa kuondoka, jike alimgonga mdomo kumwambia lete mwingine. Saa sita ukuta ulikuwa mzima tena, na aliyeujenga yuko ndani.

Yakubu alinieleza jambo hili, sasa nakumbuka. Alisema, "Mama Mwanasiti, huyu mwanamke anajifungia kwa mikono yake." Nikamjibu kwamba ndege hana mikono, anipishe, nashona.

Jumanne, 6 Aprili

Mwanabibi amenifuma nikihesabu kuyu kwa tasbihi.

Dume analeta kuyu, matunda ya mkuyu wa mtoni, zikiwa kooni, hazionekani. Akifika anajishikilia gome, anaitoa moja, anaigeuza mpaka ncha ya mdomo, anaipenyeza kwenye ufa. Inapokelewa. Anaitoa nyingine. Leo saa nne amempa ishirini na sita. Halafu, zilipokwisha, amebandua kigome cha mti, kitu kisicholika, akampa nacho. Jike amekipokea. Nimesikia akikitafuna kidogo, pengine kwa heshima.

"Tasbihi ni ya kumtaja Mungu," Mwanabibi amesema, "si ya kuhesabia kuyu."

Nimemwambia namtaja kila kuyu inapopita. Ameondoka akivuta pumzi. Jioni ameniuliza kwa sauti ya kutojali, "Zilifika ngapi?"

Alhamisi, 22 Aprili

Bwana Kahiga amekuja. Mwanabibi alimweka kibarazani, nami nikakaa nyuma ya pazia, hivyo nimeona viatu vyake tu, vimejaa tope jekundu.

"Pole sana, Mama Mwanasiti. Mzee Yakubu alikuwa mtu ya watu. Sasa, mimi nimekuja kama jirani, sitaki kukushtua. Hiyo mti iko kwa kiwanja yangu, mimi nataka kujenga nyumba ya kukodisha. Nitaangusha mwezi ya tano, mvua ikipungua. Mbao yake ni mzuri sana. Watoto wako wasicheze hapo."

Sina watoto wadogo. Nimemwambia kuna ndege ndani ya mti, jike, hawezi kutoka.

Viatu vimetulia. "Ati ndege?"

"Hondohondo. Amejifungia atage. Manyoya ya mabawa yamemtoka, nimeyaona yakianguka chini ya mti. Ukimwangusha sasa anaanguka kama jiwe."

"Mama," amesema taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, "mimi niko na wapasuaji wa mbao wawili wananingoja. Naweza kuwaambia ni juu ya ndege?"

Alipoondoka niligundua nimeshikilia pazia kwa nguvu mpaka pete zake mbili zimetoka kwenye waya.

Ijumaa, 30 Aprili

Mvua. Kuyu kumi na tisa. Kigome kimoja.

Jumamosi, 8 Mei

Maulidi. Matari yanasikika kutoka msikitini, na wanawake wote wamepita na kanga mpya, nusu yake nimezikunja pindo mimi. Mwanabibi hakwenda. Nilimwambia nenda, nitakaa salama. Alisema miguu inamuuma. Asubuhi nilimwona akipanda juu ya stuli kuziba bati linalovuja.

Kati ya matari, yalipotulia, nimesikia sauti nyembamba kutoka mtini. Si ya jike, ni ndogo, inadai. Kuna mtoto.

Nimemwita Mwanabibi, tumesimama dirishani bega kwa bega mpaka ikasikika tena. Akasema, "Subhanallah." Halafu akasema, "Kahiga yule," na hakumaliza.

Jumanne, 11 Mei

Mvua tangu usiku haijakoma. Dume hakuja.

Jumatano, 12 Mei

Hakuja. Mto unanguruma. Jike ametoa ncha ya mdomo kwenye ufa na hairudishi.

Alhamisi, 13 Mei

Hakuja. Mtoto analia. Mwanabibi amefunga kuyu kwenye ncha ya mwanzi, akaunganisha mwanzi na mwanzi, akaenda kwenye mvua na mwavuli wangu kujaribu kufikisha. Mianzi minne haikufika hata nusu. Amerudi ameloa chepechepe na ameitupa ile mianzi uani kama imemtukana. Mimi najua habari ya kungoja mtu anayerudi saa kumi na hajarudi, na yule jike alinitia uchungu ambao hata Mwanasiti binti yangu hajaniona nao.

Ijumaa, 14 Mei

Niandike yote, nisije nikasahau mpangilio.

Mvua ilikatika alfajiri. Saa mbili wapasuaji wamefika, wawili, na kamba, shoka, na msumeno mrefu wa kushikwa huku na huku. Mmoja anaitwa Simeon, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Wameanza kupima mti uangukie wapi.

Nilikwenda mlango wa nyuma. Nilishaweka mkono kwenye komeo. Mwanabibi alisimama mbele yangu.

"Ukivuka hapa, kesho watasema mjane wa Yakubu hata miezi mitatu ilimshinda."

"Waseme."

"Watasema miaka, na utakayeumia ni wewe. Nakujua." Alinitoa mkono kwenye komeo, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa tayari kumtukana. Nilimwona ndiye ukuta wenyewe, ndiye misumari yenyewe. Akavaa buibui lake, akachukua stuli ya jikoni, akachukua sufuria ya njegere za kumenya.

"Mimi sina eda," alisema, akatoka.

Kutoka dirishani nimeona yote na nimesikia karibu yote, maana Mwanabibi hasemi kwa sauti ndogo. Aliiweka stuli kwenye tope, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye shina na kuanza kumenya njegere.

"Mama, toka hapo," Simeon alisema. "Mti itakuangukia."

"Itaanguka ikikatwa. Haijakatwa."

"Sisi tumetumwa, Mama."

"Hata mimi nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wangu aliyekufa. Mkimtaka, yuko makaburini, nendeni mkamwulize."

Wakatazamana. Simeon alivua kofia akaivaa tena. Mwisho mwenzake alikwenda kumwita Kahiga, na viatu vile vikafika kibarazani kwetu, safari hii bila salamu ndefu.

"Mama Mwanasiti, mimi nimekuheshimu sana. Nimengoja wiki tatu. Lakini huyu Simeon ameniambia bwana ya hiyo ndege haijaonekana siku tatu. Imekufa kwa mafuriko. Basi na hao walio ndani pia wamekufa ama wanakufa. Sasa tunangoja nini?"

Nilikaa nyuma ya pazia, na nilichofikiri ni kwamba mtu huyu anasema kweli, mume akishaacha kurudi harudi, na mimi ndiye ninayepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote Nyeri.

Ndipo tukasikia mabawa. Hondohondo hawezi kuja kimyakimya, kila pigo la bawa linavuma. Kahiga aliacha kusema. Nikakimbilia dirisha la nyuma. Dume alikuwa amejishikilia ukuta wa shimo, unyoya mmoja wa mkia umevunjika na unaning'inia, na alikuwa akitoa kuyu, moja, moja, moja, upesi kuliko siku zote. Mwanabibi chini ameinua uso, njegere zimemwagika. Simeon anahesabu kwa kidole hewani. Kahiga naye alikuwa ameshazunguka nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikauona uso wake, mtu wa makamo, mnene kidogo, mdomo wazi.

"Thelathini na moja," Simeon alisema. Mimi, nikiwa na tasbihi, nilipata thelathini na mbili. Halafu kigome.

Kahiga amerudi kwenye pazia. "Sasa, inatoka lini?"

Nikasema, "Tarehe thelathini Juni. Siku moja na mimi."

"Una uhakika?"

"Nakupa neno langu."

Sikuwa na uhakika wowote. Ulimi ulikwenda wenyewe. Amekubali, wakakusanya msumeno wao. Mwanabibi alipoingia ndani nilitaka kumwambia asante, lakini yeye aliwahi kusema njegere zimeingia mchanga na mimi ndiye nitakayeziosha. Nimeziosha.

Jumapili, 16 Mei

Mama yake Kahiga amekuja baada ya kanisa, mzee Watiri, na fimbo yake. Yeye ni mwanamke, hakuna pazia. Tumeongea Kikuyu, lugha ya mama yangu mzazi, nami naandika kwa Kiswahili.

Alitaka kumwona ndege aliyemshinda mwanawe. Nimempa kiti dirishani. Alimtazama dume akilisha, kisha akasema, "Mumeo alikuwa akifanya hivi."

Nikamwuliza kivipi.

"Wakati wa Hali ya Hatari, kabla ya Uhuru. Sisi walituweka kijijini, ng'ambo ile, handaki limezunguka na miti iliyochongwa. Kahiga alikuwa kizuizini. Chumvi hatukuona miezi. Mumeo alikuwa akipita na lori la unga, watu wa Majengo walikuwa na ruhusa. Alikuwa akipunguza mwendo pale kwenye ua, anatia mkono mfukoni, anapenyeza kifurushi cha chumvi, kimefungwa kwa gazeti. Kimoja. Kila akipita. Wangemkuta wangempiga risasi."

Yakubu hakuwahi kuniambia. Nilihesabu kichwani: mwaka ule alikuwa akiniletea peremende. Nilicheka, na machozi yakanitoka, na kwa kweli nilisikia na wivu kidogo, kwamba mfuko ule haukuwa wangu peke yangu.

Nikamwambia, "Basi mlikuwa kama huyu ndege, Mama."

Alinigeukia kwa ukali. "Hapana. Sisi tulifungiwa. Huyu amejifungia. Usichanganye." Akanitazama nguo zangu nyeupe toka juu mpaka chini. "Na wewe je?"

Nikainuka nikampa fimbo yake. Alipokuwa akienda alisema nisiwe na wasiwasi, Kahiga anasikia akiambiwa, ila anapenda kuambiwa mara mbili.

Jumatano, 2 Juni

Baridi imeingia, ukungu mpaka saa tano. Mtoto ana sauti nzito sasa. Chini ya mti miche imeota kutoka kwenye mbegu anazotupa jike, shamba dogo ambalo hakuna aliyelima.

Jumamosi, 19 Juni

Leo nimemwuliza Mwanabibi mbona alipigilia misumari dirisha la mbele. Tulikuwa tukichambua mchele. Nilikuwa nimeshajua jibu, au nilidhani nimejua: nisionekane na wanaume wa barabarani.

"Lori linapita pale saa kumi," alisema bila kuinua uso. "Lile lile. Wameweka dereva mwingine, lakini honi ni ile. Nilijua utakaa pale kila siku."

Kelele za mvua, kelele za cherehani, na yeye mwenyewe kila saa kumi anawasha redio ya Yakubu kwa sauti ya juu mpaka nakasirika. Miezi minne sijalisikia lori lile hata mara moja.

Amesema yeye alikaa eda akiwa na miaka ishirini, kule Kangema, peke yake katika chumba cha kupanga, na dirisha lilitazama mahali mumewe alipokuwa akiegesha baiskeli. Hakuna aliyekuja kukaa naye. "Nikasema, mke wa Yakubu haitakuwa hivyo." Kisha akaniambia nichambue mchele, nimeacha mawe.

Sasa nina jibu la kumpa mzee Watiri. Nimejifungia. Na wa kuniletea udongo alikuwepo.

Jumatano, 30 Juni

Nimetoka eda. Alfajiri wanawake wamekuja, nimeogeshwa, nimepakwa mafuta, nimefukizwa udi mpaka nimepiga chafya. Mwanasiti amefika kutoka Doldol na kanga mpya. Kila mtu alitaka niende kwanza kaburini.

Nimekwenda kwanza dirishani. Ukuta wa shimo ulikuwa mzima. Dume amelisha saa moja, kuyu ishirini na nne, na jike hana hata dalili ya kutoka.

Kosa nimelijua papo hapo, na ni la mshonaji asiyepima mara mbili. Nilimpa siku zangu, kwa sababu wiki aliyoingia yeye ndiyo wiki niliyoingia mimi. Lakini eda yangu ilianza Yakubu alipokata roho, naye jike alifunga mlango wiki mbili baadaye, na hakuna aliyempa miezi minne na siku kumi. Yeye anatoka mtoto akiwa tayari.

Saa nne Kahiga alikuwa chini ya mti. Peke yake, nashukuru. Nikavuka kizingiti cha nyuma, hatua yangu ya kwanza nje, nikatembea kwenye nyasi zenye umande mpaka pale alipo. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso tangu msiba.

"Bwana Kahiga, nilikupa neno, na neno limeisha leo. Nilihesabu siku zangu, sikuhesabu zake. Mti ni wako. Siwezi kukuahidi tena, kwa sababu ile ya kwanza niliisema bila kujua. Nakuomba tu."

Amekuna shingo. Ametazama juu, ametazama kanga yangu, ametazama tena juu.

"Sasa shida ni Simeon," alisema. "Simeon ako na harusi ya ndugu yake huko Kangema. Hawezi kuja hii wiki. Hata wiki ingine sijui. Mimi siwezi kupasua mti peke yangu, Mama."

Nikamshukuru. Tulipokuwa tukienda makaburini na Mwanasiti na Mwanabibi tumempita Simeon sokoni, ameketi kwenye gogo akinywa uji. Ametuamkia vizuri sana.

Sikuangalia mfuko. Niliahidi siku nitakayotoka, lakini jike hajatoka, na nilisingizia hilo.

Jumatatu, 5 Julai

Mwanasiti anataka nihamie Doldol. Nimemwambia asubiri kidogo. Ameniuliza nangoja nini, nikamwonyesha. Anafikiri huzuni imenizidi. Kahiga amekuja mara mbili leo kutazama, ati anapima mpaka wa kiwanja.

Jumamosi, 10 Julai

Ametoka!

Saa tatu, jua lilipotoboa ukungu, tumesikia mgongano mtini. Jike anaupiga ukuta wake kutoka ndani. Mimi, Mwanabibi, mzee Watiri aliyeletwa na mwanawe, Kahiga mwenyewe. Pande likaanguka, likafuata jingine, kikatoka kichwa, bega, halafu mzima mzima. Alikuwa mchafu, mkia umekunjika kwa kukaa, manyoya mapya ya mabawa yanang'aa. Alikaa mlangoni akitweta. Aliruka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akafika tawi la karibu, akalishika. Nyuma yake mtoto, mdomo mdogo bila pembe juu, akachungulia, akaanguka zaidi kuliko kuruka, na akasimama.

Halafu dume akaja. Jike alikuwa huru, mkuyu wenye kuyu tele uko pale mtoni, anauona. Dume akatoa kuyu moja akamsogezea. Naye akaipokea. Akatoa nyingine.

Hapo ndipo nimeuelewa mfuko, baada ya miaka ishirini na saba. Mtu anayeleta vyote siku moja anakabidhi mara moja, basi. Yakubu alitaka kila jioni nisimame karibu naye niutie mkono mfukoni. Hakuwa bahili hata kidogo. Nimelia mbele ya Kahiga bila pazia, naye amejifanya anatazama mto.

Mzee Watiri alisema, "Sasa mti ni wako, Kahiga," na hakuna aliyefurahi, hata Kahiga.

Jumatatu, 2 Agosti

Mti umeangushwa. Neno ni neno, na Kahiga alingoja kuliko nilivyostahili. Hondohondo wote watatu wako ng'ambo ya mto, nawasikia. Yakubu aliwahi kusema wanarudi shimo lile lile kila mwaka. Sikumwambia Kahiga. Alikuwa hajaniuliza, na sikutaka kumlipa wema wake kwa kumtwisha mzigo.

Simeon ameniletea kipande cha ukuta wa shimo. Kigumu kama tofali, kina mbegu za kuyu ndani na alama za mdomo upande mmoja tu, upande wa ndani.

Jumanne, 3 Agosti

Nyumba imejaa mwanga. Chumba cha cherehani sijawahi kukiona hivi, kila uzi ulioanguka sakafuni unaonekana. Jua limefika mpaka nyuma ya mlango, na koti likawa linanitazama.

Nimetia mkono. Mfuko ulikuwa mtupu, na una tundu chini la kupitisha vidole viwili. Mke ni fundi wa nguo, na mume amekufa na mfuko uliotoboka. Alikuwa ameniambia, kabla ya Krismasi ile, na nilimjibu nitaushona nikimaliza kazi za watu. Nimekaa sakafuni na koti mapajani, nikachukua sindano, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine.

Nilipokunja pindo nishone, kitu kigumu kilikuwa kwenye bitana, chini kabisa nyuma, kimepitia lile tundu. Nimekisukuma kwa kidole gumba mpaka kikatoka.

Njiti ya kwanza imewaka. Nimewasha jiko, nimeteleka chai. Mwanabibi ameuliza kutoka uani moto nimeutoa wapi, maana kiberiti chetu kiliisha jana. Nimemwambia Yakubu ameleta.